Usiweke Hiyo 50 Kwanza

Baba Ndanu,

Gizani nimesikia kijiko chako kikizunguka kwa kikombe, ukakoroga chai mpaka nikajua bado umekasirika. Uji uko kwa jiko, ufunike ukishakunywa. Mimi naenda sokoni na Ndanu.

Ukirudi na Maundu fundi, tafadhali asiweke hiyo oili ya 50 kwa pikapu. ~~Asiguse injini mpaka nirudi.~~ Amueni wenyewe, lakini soma hii kwanza.

Jana ulinicheka mbele ya ndugu yako: "Mwanafunzi wa jioni sasa ni fundi wa injini!" Niliumia, kwa sababu jibu nilikuwa nalo kutoka darasani. Namba kubwa sio nguvu vile ulisema, ni uzito tu, na uzito hubadilika na joto. Angalia mafuta yetu ya kupikia na baridi hii ya Julai: kwa mkebe yameganda, kwa sufuria ni maji. Sasa 15W-40, ile oili tunaweka kila siku, hiyo W ni ya baridi. 15 inaonyesha vile oili inatiririka injini ikiwa baridi. Namba ikiwa ndogo, oili inafika sehemu za juu za injini haraka. 40 ni uzito wake injini ikishapata moto. Hiyo 50 yako haina W, haikutengenezewa baridi. Asubuhi injini itazunguka ikiwa kavu, na pikapu ndiyo inatulisha.

Mama Ndanu

N.B. Ndanu amerudi kutoka kukusindikiza langoni, akauliza naandika nini. Nikamwambia. Akasema, "Baba amesema atauliza fundi maana ya W."