Ufito wa Chuma Hununuliwa Ukitembea

Mjukuu wangu Boru,

Amani ikufikie huko Eldoret. Ingawa nimekuzidi miaka michache tu, ukoo umenifanya babu yako, na cheo hicho sikiachi. Mama yako yuko Rapsu akivuna vitunguu, mbuzi wamenona.

Unauliza uchague fito zipi za chuma za kuongoza bamba la kukandamizia la mashine yako ya kubana nyasi, maana likikwama mbele ya watahini utarudia mwaka.

Nilipounda yangu hapa Chechelesi, fundi Jillo aling'ang'ania ufito uliong'aa, mimi nikitaka mwingine uliopakwa grisi.

"Msomi, huoni? Mbele ya ufito huu mtu hunyoa ndevu!"

Vitabu vyote vilikuwa upande wangu, lakini Jillo hashindwi kwa vitabu.

"Jillo, wewe hununua ngamia aliyelala?"

"Kamwe! Lazima asimame, atembee."

"Basi tuzitembeze."

Tukazibingirisha juu ya kioo cha dirisha. Ule wa kung'aa uliyumba, mwanga ukapenya chini yake: kumbe umepinda. Ule wa grisi ulipita kimya. Jillo akacheka, akauchukua mwenyewe.

Unene uupime kwa kifaa cha mikrometa, uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Lakini kwanza, nenda dukani na kioo. Muuzaji akikucheka, mwambie umetumwa na babu yako. Umri wangu usimtajie.

Babu yako,
Guyo