Alama Mia za Kwenda Lupiro

Alhamisi, 1 Mei 2025

Sikukuu ya wafanyakazi. Mimi sijafanya kazi yoyote.

Miaka hamsini na mmoja tangu malori yatuhamishe kutoka kijiji chetu cha Lihango. Nyumba arobaini na moja kandokando ya mto, tukapewa siku tatu. Leo pale ni matete na nyati. Na ni miaka kumi na mitatu tangu nistaafu na kutangaza, mbele ya watu, kwamba nitaiandika Lihango nyumba kwa nyumba. Nina kurasa nne. Nimezihesabu mara mbili, kana kwamba zingeongezeka.

Leo nimepata wazo kwa mjukuu wangu Oliva. Simu yake inamhesabia hatua na kumpa nyota. Jana alizunguka nyumba mara sita kwa sababu ya nyota moja! Nikamcheka. Baadaye nikafikiri: mbona yeye anazunguka, mimi nimekaa?

Basi, utaratibu. Ukurasa mmoja, alama kumi. Aya moja, tatu. Jina la mtu wa Lihango nililolihakikisha, mbili. Kukaa mezani nusu saa, moja. Nikifikisha mia, zawadi: safari ya Lupiro kwa dada Balbina.

Jumamosi, 3 Mei

Alama kumi na nne kwa siku mbili! Meza nimeihamishia dirishani (3). Penseli nimechonga zote (1). Daftari la alama nimelipigia mistari kwa rula, wino mwekundu pembeni (5). Mengine ni kukaa mezani.

Sijaandika sentensi. Lakini meza imependeza.

Jumanne, 6 Mei

Hilary, mtoto wa dada Balbina, amepiga simu. Mpunga umeanza kutia maziwa. Mama yake ameshahamia shambani, yuko juu ya dungu, kile kijukwaa cha kulindia mpunga, tangu Jumapili, anaamia ndege. Umri wa miaka themanini na minne! Anasema mwambie Vikta aje sasa.

Najua kwa nini anasema sasa. Wimbo wa kufukuzia ndege wa Lihango uliwatuma kwa majirani, mmoja baada ya mwingine, kufuata mto. Ndege toka hapa, nenda kwa fulani, mkewe bado amelala. Ukiusikiliza hadi mwisho umepita milango yote arobaini na moja. Hakuna ramani nyingine. Na zaidi ya dada hakuna anayeujua wote. Sisi wanaume tulipewa makombeo, nyimbo wakaachiwa wasichana.

Na dada hauimbi ila mpunga ukiwa umesimama. Nilimwomba mara moja wakati wa kiangazi, akanishangaa: niwafukuze ndege wasile nini, mkeka? Mama alikuwa hivyo hivyo.

Nimemjibu Hilary nitakuja nikimaliza mambo fulani. Nina alama ishirini na mbili.

Ijumaa, 9 Mei

Rafiki yangu Abdulkarim amekuja na bao lake. Ameliona daftari, akaomba aelezwe. Nikaeleza. Kosa.

Kasema, Mzee Viktor, mwanafunzi ni wewe, mwalimu ni wewe, mwenye kalamu nyekundu ni wewe – utafeli vipi? Akacheka hadi akakohoa. Kisha akauliza, kwa hiyo leo kunifungulia mlango kumekuletea alama ngapi?

Nilicheka naye. Alipoondoka niliona haya. Asubuhi nilikuwa nimejipa alama mbili kwa kufagia chumba.

Jumatatu, 19 Mei

Alama sabini na moja.

Leo nimezipitia kama nilivyokuwa nikipitia prufu kwenye kiwanda cha uchapaji Morogoro – rula chini ya mstari, mstari kwa mstari. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa naokota makosa ya watu katika vitabu vyao, na nilijisifu kwamba hakuna linalonipita. Humu nimepata haya: alama hamsini na nane ni za maandalizi. Za kuandika ni kumi na tatu. Nilijiibia, tena kwa mwandiko mzuri.

Nimezikata zote hamsini na nane kwa wino mwekundu. Zimebaki kumi na tatu. Nilijisikia msafi, kama mtu aliyetoka kuungama.

Jioni ndipo nikatambua kwamba kwa kujisafisha hivyo nimejirudisha nyuma wiki tatu. Lakini sheria ni sheria. Siwezi kwenda kwa alama za uongo.

Alhamisi, 22 Mei

Oliva: Babu, si nimwambie anko Hilary amrekodi bibi kwa simu? Anatuma WhatsApp. Dakika tano tu.

Nikakataa. Nikamwambia simu inaharibu sauti, na jambo kama hili linataka sikio la mtu. Akasema sawa Babu, akarudi jikoni.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Nilikataa kwa sababu katika sheria zangu hakuna alama kwa kazi iliyofanywa na mwingine.

Jumapili, 1 Juni

Hamsini na nne. Za kweli. Kurasa mbili na nusu mpya na vipande vipande – malori, vumbi, mama na kuku wake kapuni. Majina ninayo saba, ya wale niliocheza nao. Yaliyobaki sina.

Baada ya misa nimesikia kombaini za kuvunia zimeshavuka mto upande wa Lupiro.

Jumatano, 11 Juni

Hilary amepiga. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Mjomba, shikamoo. Mjomba, watu wote huku wamevuna. Na sisi tumevuna, isipokuwa kipande kimoja, mama amekataa kisiguswe. Anasema Vikta anakuja, hawezi kuja akute mabua. Sasa, mjomba, mpunga uliosimama bonde zima ni huo peke yake, kwa hiyo ndege kwelea wote wako kwetu. Mama anapambana nao tangu alfajiri. Wiki ya pili sasa. Sauti imekwisha.

Nikauliza kwa nini hukuniambia mapema. Akasema, kwa adabu kabisa: Nilikwambia, mjomba. Ulisema unamaliza mambo fulani.

Nina alama themanini na nane.

Na sasa la aibu kuliko yote. Nilipokata simu nilikwenda mezani. Zilibaki kumi na mbili. Ukurasa mmoja na jina moja. Nikaanza kuandika, haraka, nusu saa nzima, nikiwa na furaha kabisa – na ndipo nikauona mkono wangu. Dada yangu anapigana na ndege kwa ajili yangu, mimi nakusanya nauli ya kwenda kumwona. Nauli niliyoitunga mwenyewe!

Oliva ananifungia begi.

Alhamisi, 12 Juni – Lupiro, juu ya dungu

Safari nzima, saa moja na robo tu. Basi, daraja, bodaboda hadi ukingoni mwa shamba. Miaka ile ya pantoni ungeweza kujitetea. Sasa huna pa kujificha.

Dada amekonda. Shikamoo dada. Marahaba, kasema kwa sauti ya mkwaruzo, umenenepa! Mimi nalisha ndege, wewe unajilisha mwenyewe. Akanipa nafasi kwenye mkeka. Kipande chenyewe si kikubwa kuliko uwanja wa kanisa. Nimeshika shuke moja: makapi. Nusu yake makapi. Ameyalinda makapi ili aweze kuniimbia.

Ameanza. Nimeandika kwa Kindamba kama anavyotamka, tafsiri nitaiweka baadaye. Kwa Jeremia, mkewe bado amelala. Kwa Sikitu, mtama wake umekaribia kuiva. Kwa Rabia aliyeolewa kutoka mbali. Sita, saba, nane. Nilikuwa namwona kila mtu mlangoni kwake. Nyumba ya tisa, kwa Kandida, mwenye mbwa.

Wimbo ukasimama.

Akaniuliza: baada ya Kandida ni nani?

Sijui. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nilipita pale kila siku, na sijui.

Akarudia toka mwanzo, upesi upesi, kama mtu anayekimbia ili aruke mtaro. Jeremia, Sikitu, Rabia. Akafika kwa Kandida, akasimama palepale.

Hilary yuko chini ya dungu na debe lake. Kasema, bila kunitazama: mwezi uliopita alikuwa anaimba hadi mwisho, kila asubuhi. Nikamuuliza, na wewe hukushika hata jina moja? Kasema, mjomba, sisi tulizaliwa huku. Kwetu ulikuwa wimbo wa ndege tu.

Mwezi uliopita nilikuwa napiga mistari kwa rula.

Sasa ni saa kumi jioni. Amejaribu mara tano. Kusaidiwa hataki, kupumzika hataki. Nikimtazama anasema usinitazame mimi, tazama mpunga. Nimetazama. Kwelea wametua kona ya mbali, wengi, mabua yameinama. Hilary ameinua debe. Dada amemzuia kwa mkono – waache kwanza. Amecheka kidogo, kicheko kilichogeuka kikohozi. Wao wanatumwa Lihango kila mwaka, kasema. Labda wanaikumbuka njia.

Anaanza tena. Kwa Jeremia. Kwa Sikitu –