Kilatini cha Shamba la Kahawa

Mpepai, 12 Juni 1994

Kaka Joakim,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo nakueleza yote, sifichi kitu.

Najifunza Kilatini kwa kitabu ulichosahau hapa nyumbani ulipokuja likizo kutoka seminari. Nikichuma kahawa nasema Kilatini tu kutwa nzima. Mdogo wetu Tadea hucheka: "Dada, unasali au umepagawa?" Namjibu kwa Kilatini, anakimbilia kwa mama.

Siku hizi naelewa bila kutafsiri. Ndiyo maana nilielewa ulichoandika kwa Kilatini ukurasa wa mwisho wa kitabu, kwamba hutaki tena upadri. Sijakasirika, wala sijamwambia mtu. Lakini mama ameanza kumnenepesha nguruwe wa misa yako ya kwanza, na kila mgeni anaonyeshwa.

Nijibu upesi, kaka: utamwambia mwenyewe, au nimwambie mimi?

Mdogo wako,
Aurelia