Kona ya Mfereji wa Engaresero

Mjukuu wangu Paulina,

Mwalimu wako anasema mifereji ya kale ya Engaresero ilijengwa na wageni, maana wazee wetu "walijua kufuata mvua tu." Huo ni uvivu wa kufikiri!

Hapa kijijini Daa mbaazi zimekubali na ng'ombe amezaa jike. Tangu bibi yako atutoke najipikia mwenyewe, na nyumba imekuwa kubwa mno.

Miaka ya sabini, nikiwa mpima ardhi kijana, nilitumwa Engaresero kuchora ramani ya mmoja wa mifereji hiyo, uliofunikwa kwa mawe na kuzama ardhini. Nilikaa kule peke yangu. Wachungaji walinisalimu wakipita, basi. Mfereji ulinyooka vizuri, kisha ukapinda ghafla, ukazunguka kiwanja kidogo na kurudi kwenye njia yake. Nilipofukua kiwanja nikakuta mafiga matatu, bado yana masizi.

Mkuu wangu alipokuja na kuiona ramani yangu akacheka. "Nyoosha mstari, kijana. Hapo walikosea."

"Hawakukosea, mzee. Wamekwepa jiko la mtu."

"Jiko la nani?"

"La jirani yao."

"Haya, baki na jirani yako!" Akawasha gari, akaondoka.

Sikunyoosha. Jioni nilipika ugali juu ya mafiga yale, na kwa mara ya kwanza kule sikujiona nakula peke yangu.

Wewe na wenzako msiyanakili maneno ya mwalimu. Mwambieni awapeleke kwenye kona ile, kisha mumuulize: ni mgeni gani angejichosha kuchimba mzunguko ili asivunje jiko la mwanamke asiyemjua?

Babu yako