Fadhila za Viatu Vinavyobana

Jumatatu, 3 Juni
Leo Mwalimu wa Kiswahili katufundisha kejeli. Unasifu kile unachotaka kukilaumu — kwa uso mkavu kabisa! Akaonya tusimpige aliye chini, maana huyo amekwisha kuanguka. Nimeyaandika yote. Insha ni ya Ijumaa, na mimi nina la kusema tayari.

Mama anafua na kupiga pasi kwa Madamu. Majuzi Madamu kampa viatu vyake vya zamani, vya ngozi, vidogo kwa Mama kwa saizi moja. Kamwagiza avivae kazini, apendeze mbele ya wageni.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeisoma mbele ya darasa! Nimeandika kwamba maskini akipewa viatu vinavyomtosha atajisahau. Vikimbana, kila hatua anamkumbuka mfadhili wake. Na kwamba Mama siku hizi anatembea kama bata, mwendo wa adabu. Walicheka mpaka mmoja kaanguka na kiti. Ishirini kwa ishirini! Ila pembeni ya bata Mwalimu kaweka alama ya kuuliza. Sikumwuliza. Nilikuwa na furaha mno.

Jumatatu, 10 Juni
Getini, yule mwenzetu darasani tunayemwita Kinanda kwa kuwa hanyamazi kapita akichechemea kama Mama, kiuno kimepinda. "Kwa-kwa-kwa! Shikamoo, mama mfadhiliwa!" Wote wakaangua kicheko. Kilekile cha Ijumaa. Nilikitambua.

Jumatano, 12 Juni
Balaa! Madamu yumo kwenye bodi ya shule. Kaisoma insha — kalia. Eti hajapata kuona mtoto wa maskini mwenye shukrani hivi. Anataka niisome siku ya wazazi, keshokutwa, naye atanisomesha mpaka chuo. Chuo!

Mwalimu kaniita kando. "Binti yangu, mshale umemkosa uliyemlenga, ukampata aliyesimama karibu." Kasema uamuzi ni wangu.

Alhamisi, 13 Juni
Mama kaomba kuiona. Anasoma polepole, kidole juu ya mstari. Nilingoja acheke. Kidole kikafika kwenye bata, kikasimama.

"Kumbe ulikuwa unaniona nachechemea."

"Mama, nilikuwa namsema yeye."

"Najua. Mimi nimeelewa. Yeye kaelewa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi aliyesemwa ni nani, mwanangu?"

Hakukasirika. Heri angekasirika. Kachukua sare yangu akaipiga pasi, kola mara mbili. Nikamsihi kesho aje na ndala zake.

Ijumaa, 14 Juni
Niko nyuma ya pazia la ukumbi, naandika juu ya goti. Insha nimeinakili upya, bata nimemfuta. Mahali pake nimeweka sentensi moja, haina kejeli: namwuliza Madamu kama anajua saizi ya miguu ya Mama. Nikiisoma, chuo ndiyo basi tena. Na kazi ya Mama? Sijamwambia Mwalimu. Sijamwambia mtu.

Madamu yuko mstari wa mbele, leso mkononi tayari.

Mama huyo anaingia! Kavaa viatu vilevile. Anatembea wima, hachechemei hata kidogo — sijui anawezaje. Kinanda kaanza "kwa—", Mwalimu kamkata jicho. Mama kapata kiti cha nyuma. Anainama. Anavivua. Anavipanga sawasawa mbele ya kiti, miguu yake mitupu kando yavyo, kisha anatazama jukwaani.

Wanataja jina langu. Mkononi nina karatasi mbili, ile ya zamani na hii mpya. Naiweka kalamu chini.