Nilimsingizia Mzee Bonaya

Swabra, mbwa wangu Bosi amekufa. Sasa hivi, hapa kando ya zizi.

Na si sumu. Wallahi si sumu.

Daktari wa mifugo amemfunua macho, yamekuwa manjano kama bizari. Akauliza, "Huyu hukamata panya?" Nikamwambia tangu mafuriko panya wamejaa ghalani, na Bosi ndiye anayewamaliza. Akasema ugonjwa huu huletwa na mkojo wa panya, na binadamu pia huupata. Mimi nimemsafisha siku tatu kwa mikono mitupu. Kesho naenda Ngao hospitalini kupimwa.

Lakini silii kwa hilo.

Jana nilimkabili Mzee Bonaya, jirani yetu, mbele ya watu kisimani. Eti kwa sababu alilalamika Bosi anawatishia mbuzi wake. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemtilia mbwa wangu sumu." Aliinua dumu lake akaenda zake.



Leo amesikia kilio changu, amekuja na jembe. Nimeanza kumwomba radhi, akanikatiza: "Mbwa huyu aliwaokoa ndama wangu kutoka kwa fisi mara mbili. Ningemuulia nini?"

Anachimba kaburi sasa. Siwezi kumtazama usoni.