Kombe Tulilolirudisha Nzega

Mpendwa kaka Maganga,

Shikamoo. Nimeiandika salamu hii kisha nikaweka kalamu chini, kama vile nasubiri ile marahaba yako ya kuvuta, uliyokuwa ukiitikia bila kuinua macho kwenye kazi yako. Mvua za pili zimeshapita tangu tukuzike, na bado nasubiri.

Jumamosi tulicheza tena na Nzega. Uwanja ni uleule wa njia ya Kwihara, mapipa na matairi yaleyale, miombo imeanza kutoa majani mekundu. Baada ya mchezo watu walitawanyika, nami nikarudi mjini kwa miguu kwenye ile njia ya zamani ya misafara. Nilitembea polepole, kama nilivyozoea kwa ajili ya goti lako. Nilifika karibu na kona ndipo nikagundua kwamba hakuna ninayemsubiri.

Goti hilo ndilo lililokufanya uwe refa. Lilikutoa kwenye mpira wa miguu, ukawa unakuja uwanjani kunisindikiza tu, ukikaa pembeni unacheka watu wazima wanaopigana kwa bunduki za rangi. Siku refa alipokosekana ukaombwa usimame, na hukukaa tena. Ulikuwa ukiwaeleza wageni sheria kwa upole uleule: timu inayochukua bendera ya katikati imeshinda; gololi ya rangi ikikupasukia mwilini, inua mkono utoke mwenyewe. Ukifuta rangi ili uendelee kucheza, unatoka wewe na mwenzako mmoja. "Msinifanye askari," ulikuwa ukisema. "Mimi nina macho mawili tu."

Barua hii wataisoma na wasiokujua, nao nataka niwasimulie fainali ile ya Tabora na Nzega.

Kabla ya kuanza uliwaita Nzega ukawaambia mbele yetu, "Nahodha wa Tabora ni mdogo wangu, tumbo moja. Anayetaka refa mwingine aseme sasa." Nahodha wao, Milembe, yule dada mrefu mwenye sauti nzito, akacheka. "Tunakuamini, kaka. Tuanze."

Tulikuwa tunashindwa. Milembe alikuwa amejibanza nyuma ya matairi na mwenzake mmoja wa mwisho, bendera iko mbele yao, na kwetu tulibaki mimi na Hamisi. Ndipo filimbi yako ikalia. Ulikuwa upande wa pili, jua linakupiga usoni, unamnyooshea Milembe kidole.

"Umefuta rangi. Toka, na mwenzako mmoja."

"Kaka, sikupigwa!"

"Nimekuona unafuta begani."

Akaweka bunduki chini akatoka. Hakutukana. Mimi nilikimbia nikachukua bendera, na Tabora nzima iliyokuwa pale ikapiga vigelegele. Pilau lilikuwa limepikwa la timu zote mbili, lakini Nzega walipanda gari lao wakaondoka bila kuonja.

Kesho yake, tuliporudi kutoka kanisani, ulikaa uani kufua vizibao vya uwanja. Nilikuwa jikoni na mama nikisuuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ili tuichemshe na karanga. Ukaniita kwa sauti ambayo sikuipenda.

"Nyamizi, jana sisi tulipiga rangi gani?"

"Buluu."

Ukanyanyua kizibao alichokuwa amevaa Milembe. Begani palikuwa na doa la njano, limesambaa kama limepakwa na kiganja. Buluu haikuwepo, mbele wala nyuma. Njano ilikuwa rangi ya Nzega wenyewe. Gololi za wenzake zilikuwa zimepasukia kwenye yale matairi, naye akaegemea palepale, kisha akajipangusa.

Ulikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kizibao kinakudondokea maji miguuni. Mama akatoka, akatutazama, akasema, "Ni mchezo, mwanangu. Njoo ule."

"Mama, wale watu waliniamini huku wakijua huyu ni mdogo wangu."

Hukula.

Jioni ile timu ilikutana kwetu. Hamisi alikasirika mpaka akasimama. "Refa akishapuliza imekwisha! Hata kwenye mpira, nani amewahi kurudisha kombe? Watatucheka mji mzima." Wengine wakamuunga mkono, na sikuwalaumu. Tulikuwa hatujawahi kushinda kitu. Kombe lilikuwa juu ya kabati la mama, nami asubuhi nilikuwa nimelifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Hukubishana nao. Ulisema tu, "Kombe ni lenu, amueni wenyewe. Mimi kesho naenda Nzega kuomba radhi."

Watu wote wakanigeukia mimi. Kaka, sijawahi kukuambia jinsi nilivyolitaka kombe lile. Lakini nilikuangalia ulivyokaa, mikono yako bado ina harufu ya sabuni, nikajua siwezi kukuacha uende mikono mitupu. Nikasema tunaenda nalo. Hamisi akatoka bila kuaga.

Nakumbuka safari ile ya basi dogo la kosta kuliko zote nilizowahi kusafiri. Kombe lilikuwa magotini kwangu ndani ya mfuko wa rambo, masikio yake yametokeza. Tulipopita Isikizya mama mmoja wa kiti cha jirani akauliza, "Hongereni, mmeshinda wapi?" Ukamjibu, "Tunalirudisha, mama. Nilikosea." Akakutazama kama mtu asiye na akili timamu, kisha akatugawia miwa yake. Tukala miwa mpaka Nzega, na wewe ukaanza kunisimulia mambo ya utotoni, ukacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya fainali.

Milembe alikuwa kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, karibu na stendi. Hakutukaribisha kukaa. Ulisimama juani ukamweleza yote: doa, rangi, jua, matairi.

"Mbona siku ile hukuja kuniangalia?" akakuuliza. "Ungesogea tu ukanishika bega ukaona."

"Nilikuwa na hakika."

"Mimi nimeitwa mwizi mbele ya baba yangu, kaka. Alikuwa amekuja kuniona."

Hukujitetea. Ulisema, "Nipeleke kwake." Na ulienda. Nilibaki kibandani nimepakata kombe, nisijue niliweke wapi. Sikuwepo mlipoongea, na hukuwahi kunisimulia. Mliporudi, macho ya Milembe yalikuwa mekundu na sauti yake imelegea.

Nikamnyooshea kombe. Akatikisa kichwa. "Kombe la kuletwa kwenye mfuko silitaki. Tuje tucheze tena." Kisha akakugeukia. "Na refa uwe wewe."

Ukageuka ukatazama malori barabarani, kisha ukaitikia kwa kichwa.

Walikuja, wakatushinda, tena vizuri, na kombe wakaondoka nalo. Siku ile kila ulipokuwa na shaka ulisimamisha mchezo, ukachechemea mpaka kwa mchezaji, ukamgeuza mbele na nyuma. Tulichelewa, watu wakanung'unika, na Hamisi, ambaye alikuwa amerudi kwenye timu bila maelezo, akacheka akasema tukalete chakula na mikeka, tutalala palepale. Milembe akakuita kwenye picha. Ulikataa, ukaendelea kuokota vizibao. Ndiyo maana katika picha ile sina hata kivuli chako.

Ile homa ilipokuchukua, Nzega walikuja gari zima. Milembe alikaa kwenye mkeka pembeni ya mama siku zote za matanga, akichota maji na kuosha vyombo. Baba yake alishika koleo makaburini. Nilitaka uone.

Sasa filimbi napuliza mimi. Hakuna mwingine aliyekubali. Na Jumamosi, mchezo ukiwa sawasawa, gololi ya Hamisi ilimfikia dada mmoja wa Nzega karibu na kiatu. Nilikwenda nikainama nikatazama. Kiatuni palikuwa na rangi kidogo, chini palikuwa na rangi nyingi. Niliamua kwamba imepasukia ardhini ikamrukia, nikamwacha aendelee. Akachukua bendera, Nzega wakashinda. Hamisi hajaongea nami mpaka leo.

Nimemuuliza mama, akasema yeye hajui mambo ya gololi. Nimemuuliza Milembe kwa simu, akacheka akasema mimi ndiye refa. Wote wananipenda, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kukaa nami uani, akachora uwanja kwa kijiti mchangani, akaniuliza nilisimama wapi na jua lilikuwa upande gani, tukabishana mpaka ugali upoe.

Niliona sawasawa, kaka? Ningefurahi kusikia ukisema hapana. Ningefurahi ukinigombeza.

Pumzika kwa amani. Mama anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,
Nyamizi